Kreti, chumba cha mkaa na CoolBot: kipi kinamlipa mkulima wa mboga Malindi?

Mkulima wa mboga wa Sabaki, Gede au Mambrui hashindani tena na jirani yake peke yake. Kwenye stoo ya hoteli ya Watamu na kwenye rafu ya supamaketi mjini Malindi, pilipili hoho yake inawekwa kando ya ile iliyotoka bara kwa lori, ikapitia soko kubwa la Kongowea mjini Mombasa, na kufika ikiwa imechambuliwa kwa ukubwa na kupangwa kwenye kreti safi. Mnunuzi haangalii nani anakaa karibu. Anashika, anabonyeza, anakagua kikonyo, halafu anauliza kama Alhamisi utaleta kiasi kilekile cha namna ileile.

Silaha ya mkulima wa hapa ni muda. Mboga ya kutoka kando ya Mto Sabaki inaweza kuchumwa alfajiri na kufika jikoni kabla ya saa 4 asubuhi, jambo ambalo lori la kutoka nyanda za juu haliliwezi kamwe. Ila muda huo huliwa na joto. Mboga ikishachumwa bado inapumua, na kila joto lake likipanda kwa digrii 10 kasi ya kuchakaa huongezeka mara 2 hadi 3. Nyanya iliyoachwa juani huweza kuwa na joto la zaidi ya digrii 10 juu ya hewa inayoizunguka. Kwa hiyo mboga iliyochumwa leo Sabaki na kushinda juani inaweza kuonekana kuukuu kuliko ya juzi iliyosafiri usiku kutoka bara.

Vitu vitatu vinatajwa sana kama dawa ya tatizo hili: kreti la plastiki, chumba cha kupoozea cha mkaa, na chumba baridi kinachoendeshwa na kiyoyozi cha kawaida kilichofungwa kifaa kiitwacho CoolBot. Tumevipima kwa swali moja tu: kinaongeza kilo ngapi zinazokubaliwa mlangoni kwa mnunuzi, na kila kilo inakugharimu nini. Jibu la Malindi si sawa na jibu la Nakuru au Machakos, na sababu yake ni unyevu wa hewa ya pwani.

Kreti la plastiki

Kreti tunalozungumzia ni la sentimita 60 kwa 40, kimo cha 25 hivi, lenye matundu ubavuni na mdomo unaokubali jingine lipangwe juu yake. Ukilijaza nyanya pomoni linabeba kilo 25 na ushei, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Weka kilo 20, uache nafasi ya sentimita 5 juu. Kreti la pili lazima likalie plastiki, lisikalie nyanya. Ukiona nyanya za juu zina bapa upande mmoja, ujue kreti lilijazwa kupita kiasi, hata kama safari ilikuwa fupi.

Tenga na pakacha ni vyombo vizuri vya nazi na embe mbichi, lakini havipangiki: ukiweka cha pili juu ya cha kwanza uzito wote unashukia mboga. Gunia la lumbesa ni baya zaidi. Bilinganya ndani ya gunia zinasuguana njia nzima, na ule msuguano hauonekani asubuhi. Jioni ngozi inaanza kuwa na mistari ya kahawia, kesho yake mpishi anakuta doa laini chini ya mstari, na oda ya wiki ijayo inakwenda kwa mtu mwingine bila wewe kuambiwa chochote. Kwa bilinganya, hoho na matango, hakuna kifaa kinachorudisha pesa upesi kuliko kreti.

Usinunue bila kukagua. Pitisha kidole ndani ya kona zote nne na kwenye kingo za matundu. Kreti lililotoka kwenye kalibu iliyochakaa huwa na vijincha vya plastiki, vigumu na vyembamba kama mwiba wa samaki, na kila kijincha hufungua ngozi ya nyanya inayokiegemea. Tundu dogo hilo ndilo mlango wa ukungu. Vijincha vichache vinaondoka kwa msasa. Vikiwa vingi, rudisha kreti dukani. Kisha lipindue ukandamize kitako kwa goti: likibonyea na kubaki limebonyea, litakalia mboga ya chini. Plastiki iliyoyeyushwa upya mara nyingi huwa na rangi isiyo sawa na hupasuka pembeni baada ya kuchomwa na jua miezi michache, kwa hiyo uliza waziwazi kama ina kinga dhidi ya jua. Chukua rangi nyepesi. Jeusi linameza joto, na hapa joto tunalo la kutosha.

Bei hubadilika, lakini hesabu haibadiliki. Tuseme kreti moja limekugharimu shilingi 800 na limefanya safari 200. Hiyo ni shilingi 4 kwa safari, au senti 20 kwa kila kilo ya nyanya. Likipotea kwenye safari ya kumi, gharama inaruka hadi shilingi 80 kwa safari, yaani shilingi 4 kwa kilo. Kwa hiyo adui wa kreti ni kupotea kuliko kupasuka. Makreti hupotelea kwenye stoo za wanunuzi, ambako yanageuzwa vyombo vya kuwekea chupa, nguo za kufuliwa na vyombo vya bustani. Dawa yake ni kubadilishana: unashusha sita yenye mboga, unapakia sita matupu palepale, na idadi inaandikwa kwenye karatasi ya kupokelea mzigo na kutiwa sahihi pamoja na uzito. Mnunuzi asiyetaka utaratibu huo awekewe amana ya kreti kwenye ankara. Piga rangi alama ya shamba au ya kikundi pande zote mbili fupi, kwa sababu ubavu mrefu haushiki rangi vizuri kwenye matundu.

Ununue mangapi? Mara tatu ya mzigo wako wa siku. Kundi moja liko shambani, la pili liko kwa mnunuzi, la tatu linaoshwa na kukauka. Anayenunua seti moja tu hujikuta siku ya pili amerudi kwenye gunia.

Kuosha kusirukwe. Nyanya moja iliyooza huacha maji kwenye kitako, na mzigo unaofuata unaambukizwa kabla haujaondoka shambani. Sugua kwa sabuni kwanza, suuza, kisha chovya kwenye maji yenye jiki: kama mililita 100 za jiki ya asilimia 3.85 kwa ndoo ya lita 20. Sabuni itangulie kila mara, kwa maana uchafu humaliza nguvu ya jiki. Acha dakika chache, suuza tena, pindua yakauke penye upepo na kivuli.

Kwa mboga za majani kreti linataka adabu nyingine. Mchicha, mnavu na sukuma wiki husimamishwa mashina chini, mafungu yasibanane, na juu hufunikwa kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa. Jani la mgomba ni zuri kwa kazi hiyo, ila jikoni nyingi za hoteli hazilitaki kwa sababu hubeba wadudu. Mboga ya majani ikipoteza maji kiasi cha asilimia 3 hadi 5 ya uzito wake tayari inaonekana imenyauka, na matundu ya kreti yanayosaidia nyanya kupumua ndiyo yanayomwaga maji hayo njiani upepo ukipiga. Ukipakia nyuma ya pikapu iliyo wazi, turubai ni lazima.

Na kabla ya kununua hata kreti moja, jenga banda. Banda la makuti lililo wazi pande zote, pembeni mwa shamba, mahali pa kuletea kila kinachochumwa ndani ya dakika 15 au 20. Chuma kuanzia saa 12 asubuhi, ukome saa 3. Makuti hayana mpinzani pwani: hayashiki joto kama mabati, na kazi ya kwanza ya kupooza mboga inafanywa na kivuli hicho bila senti ya stima.

Chumba cha mkaa

Hiki ndicho kinachosifiwa sana kwenye mafunzo ya wakulima, na ndicho kinachohitaji maneno ya wazi zaidi kwa mtu wa Malindi.

Ujenzi wake ni rahisi. Fremu ya mbao, kuta mbili za waya wa kuku zilizoachana sentimita 10 hivi, katikati umejazwa mkaa. Juu ya ukuta kunapita mpira wenye matundu madogo kutoka kwenye tangi lililoinuliwa, na maji yanatona polepole mpaka mkaa uwe umelowa wote. Paa ni la makuti, mlango nao una mkaa, na chini kuna mfereji wa kurudisha maji yaliyobaki. Upepo ukipita kwenye mkaa uliolowa, maji yanageuka mvuke na kuchukua joto, hewa ya ndani inapoa. Stima haihitajiki.

Tatizo ni kwamba kifaa kizima kinategemea kiu ya hewa. Hewa kavu inanyonya maji mengi na kupoa sana. Hewa iliyoshiba mvuke hainyonyi kitu. Bara, mahali penye digrii 30 na unyevu wa asilimia 35, hewa inayopita kwenye kitu kilicholowa inaweza kushuka karibu digrii 19 au 20. Malindi, kwa digrii zilezile 30 lakini unyevu wa asilimia 75, mwisho wake ni digrii 26 na kidogo. Huo ndio ukomo, na hakuna fundi anayeweza kuuvuka kwa kuongeza mkaa au maji. Chumba halisi hakifiki hata hapo, kwa hiyo unachopata ni digrii 27 hivi. Umepunguza digrii 3. Wakati wa kaskazi, mchana ukiwa na digrii 32 na unyevu wa asilimia 65, unaweza kupunguza 4. Wakati wa masika, mvua ikinyesha, hupati kitu.

Je, hakina maana? Kina maana moja, nayo si baridi. Ndani ya chumba hicho unyevu unakaribia kujaa, kwa hiyo mboga za majani hazinyauki. Mchicha uliochumwa alfajiri na kuingizwa humo kabla ya jua kupanda hubaki umesimama hadi jioni. Nyanya na hoho hazipati faida hiyo. Hewa iliyojaa maji kwa digrii 27 ni starehe ya ukungu, na nyanya yenye tundu dogo itaota manyoya humo upesi kuliko ingekuwa kwenye banda la makuti lenye upepo.

Kuna na suala la maji. Maji ya visima vingi karibu na bahari yana chumvi. Yakikauka kwenye mkaa chumvi inabaki, inaziba vitundu vya mkaa na vya mpira, na baada ya muda utaona mabaka makavu meupe ukutani. Penye baka hapapoi. Tumia maji ya bomba au ya mvua. Na kama huna ila kisima, fungua mpira mwishoni kila wiki uusukume maji kwa nguvu, na uwe tayari kubadilisha mkaa. Chumba kijengwe penye upepo unaopita, ubavu mrefu ukiutazama upepo. Ukikificha nyuma ya nyumba au katikati ya migomba, hata zile digrii 3 zinapotea.

Hukumu yetu: kwa mkulima wa mchicha, mnavu na kunde za majani anayeuza mara mbili kwa siku, asubuhi hotelini na jioni sokoni, chumba kidogo cha mkaa kinafaa, mradi gharama iwe ya mbao, waya na mkaa tu. Kwa bilinganya, bamia, hoho, nyanya na matango, usijenge. Pesa hizo zitoe makreti na turubai. Na ukipewa takwimu za chumba cha mkaa kilichopimwa bara, usizilete Malindi kama zilivyo.

CoolBot na chumba baridi

CoolBot ilibuniwa na mkulima wa mboga wa jimbo la New York, Marekani. Kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani hukataa kushuka chini ya digrii 16 hadi 18. Kifaa hiki huweka kipashio kidogo cha joto kwenye kihisio cha kiyoyozi, kiyoyozi kinadhani chumba bado kina joto na kinaendelea kufanya kazi. Kihisio kingine kinachochomekwa kwenye mapezi ya kiyoyozi hukisimamisha kabla barafu haijaziba. Kwa njia hiyo chumba kinashuka hadi digrii chache juu ya sifuri bila mtambo ghali wa friji ya viwandani.

Kinapooza kweli, Malindi pia, kwa sababu hakitegemei ukavu wa hewa. Maswali ni mengine.

La kwanza ni ukuta. Kiyoyozi hakifai kitu kama chumba kinavuja. Unahitaji sponji ngumu ya kuzuia joto, sentimita 10, kuta zote, dari na mlango, na sakafu nayo isisahaulike. Mapengo yazibwe kwa povu la kunyunyizia. Mwili wa kontena la friji ambalo mtambo wake umekufa ni mbadala mzuri kama umekaguliwa mpira wa mlango. Chumba cha mita 2.4 kwa 3, kwa hali ya hewa yetu, kinataka kiyoyozi cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza). Usikubali cha 12,000 kwa kuokoa pesa. Na uangalie orodha ya viyoyozi vinavyokubaliana na kifaa, ambayo mtengenezaji huitoa, kabla ya kununua kiyoyozi. Ukifanya kinyume unaweza kubaki na kiyoyozi kisichokubali kudanganywa.

La pili ni mzigo. Kilo 500 za mboga zilizoingia zikiwa na digrii 32, kuzishusha hadi 12, zinahitaji kuondolewa joto la karibu kilowati-saa 11. Kiyoyozi cha BTU 18,000 kikiwa katika hali nzuri huondoa kilowati 5 hivi, kwa hiyo kwenye karatasi ni saa mbili na kidogo. Kwa vitendo panga saa 5 au 6, kwa sababu nguvu yake inapungua chumba kinavyopoa, mlango unafunguliwa, na hewa haiingii katikati ya rundo. Pangeni makreti yaachane sentimita 5 ukutani na kati ya safu na safu, na yasizibe mdomo wa kiyoyozi. Makreti yaliyobanana ukutani hutoka yamepoa nje na katikati yana moto. Choma kipimajoto cha sindano katikati ya bilinganya ya kreti la kati. Kile cha ukutani hupima hewa, hakipimi mboga.

La tatu, na hili linaharibu mzigo mwingi kuliko yote: kuweka baridi kupita kiasi. Mboga zetu nyingi ni za joto na hazipendi friji. Bilinganya na matango vinataka digrii 10 hadi 12. Bamia na pilipili hoho, 7 hadi 10. Nyanya inayoanza kuiva, 12 na zaidi kidogo. Bazili inayotakiwa na mikahawa ya Kiitaliano ya Malindi na Watamu inataka 12. Ukiiweka kwenye digrii 4 majani yanakuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Bilinganya iliyoumizwa na baridi ni mjanja: inatoka chumbani inang'aa, halafu siku moja au mbili baadaye kikonyo kinageuka cheusi, ngozi inapata vishimo, na ukiipasua mbegu zimekuwa kahawia. Mpishi anadhani umemletea ya wiki iliyopita.

Mboga za majani, kwa upande wake, zingependa digrii 0 hadi 2. Chumba kimoja hakiwezi kuwa viwili, kwa hiyo weka 12 na usiguse. Mchicha kwenye digrii 12 haujapata raha yote unayotaka, lakini ukilinganisha na nje, penye 30, unadumu mara 3 hadi 7 zaidi. Kiyoyozi hukausha hewa, kwa hiyo majani yafunikwe kitambaa kibichi muda wote. Na ndizi, embe au nyanya zilizoiva zisilale chumba kimoja na majani na matango: hutoa gesi ya kuivisha inayoyageuza kuwa manjano.

La nne ni jasho. Hewa ya Malindi yenye digrii 30 na unyevu wa asilimia 75 huangusha maji juu ya kitu chochote chenye baridi chini ya digrii 25. Bamia ikitoka chumbani na digrii 12 na kuachwa kwenye kibaraza cha hoteli ikisubiri mtu wa stoo, ndani ya dakika chache inalowa chapachapa, na bamia iliyolowa inaanza kuwa na madoa meusi na utelezi. Ukishapooza, usikate baridi njiani. Funika makreti kwa turubai wakati yangali chumbani, pakia upesi, piga simu mtu wa kupokea awe mlangoni, na mzigo uingie moja kwa moja kwenye chumba baridi chake. Kama mnunuzi hana chumba baridi, afadhali umpelekee mboga ya alfajiri isiyopoozwa kabisa.

Sasa gharama. Kiyoyozi cha ukubwa huo kinaweza kula uniti 20 hadi 25 kwa siku. Chukua uniti 22, na kwa mfano shilingi 28 kwa uniti: ni shilingi 616 kila siku, iwe chumba kimejaa au kina kreti moja. Kwa kilo 500 ni shilingi 1 na senti 23 kwa kilo, na hapo hakuna mkulima atakayelalamika. Kwa kilo 60 ni zaidi ya shilingi 10 kwa kilo, na faida imekwisha. Hujaweka gharama ya kujenga. Ongeza kinga ya stima, maana umeme ukirudi kwa kishindo ndio huua bodi, na mwambie fundi wa friji aoshe mtambo wa nje kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi, kwa sababu chumvi ya upepo wa bahari hula mapezi ya shaba na alumini. Ukiwa mita chache kutoka ufukweni, mtambo huo uuweke upande usiotazama bahari. Stima ikikatika, fungeni mlango msiufungue; chumba kilichojaa na kuzibwa vizuri hushikilia baridi kwa saa kadhaa.

Kwa mkulima mmoja mwenye robo ekari, kwa hiyo, hapana. Kwa kikundi chenye oda za kudumu za hoteli na supamaketi, kilo 400 hadi 500 kwa siku angalau siku nne kwa wiki, ndiyo, na kinalipa. Oda ndizo zitangulie. Chumba kilichojengwa kwanza halafu wateja wakatafutwa baadaye hugeuka stoo ya mbolea. Hesabu pia miezi ya Aprili hadi Juni, ambapo hoteli nyingi hufunga au kupunguza watu: kikundi kisicho na mnunuzi mwingine, supamaketi, shule au soko la Mombasa, kitaendesha chumba nusu tupu kwa robo ya mwaka.

Mambo madogo yanayoangusha oda kubwa

Mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, kwanza. Tofauti ya nusu kilo kwa kreti inatosha kumfanya mtu wa stoo apime kila kitu upya, na mzigo ukae juani ukisubiri. Daftari la dawa: tarehe, jina la dawa, siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko, na tarehe ya kuchuma. Wanunuzi wakubwa wanauliza, na kiwango cha Kenya cha kilimo cha mboga na matunda, KS 1758, kinataka mazao yaweze kufuatiliwa hadi shambani. Kipande cha karatasi kwenye kila kreti chenye namba ya shamba na tarehe kinatosha kuanzia. Ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Kenya (KRA), iulizwe kabla ya mzigo wa kwanza, na siku za malipo pia, kwa sababu supamaketi inayolipa baada ya siku 30 au 60 inataka mkulima mwenye akiba ya mbegu na mishahara ya muda huo wote.

Na msishindane na bara kwenye kabichi, karoti na viazi. Ni mazao ya baridi, na lori lao litashinda kwa bei kila siku. Ushindani wa Malindi uko kwenye bamia, bilinganya, pilipili, matango, mchicha, mnavu, mchunga, bazili na tikiti: vitu vinavyoota hapa bila kulazimishwa, na ambavyo vingi havipendi safari ndefu.

Mzigo wa Lamu

Lamu ni soko linalosahaulika na wakulima wa Malindi, ilhali mboga nyingi za kisiwani huingia kutoka nje. Barabara kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, halafu mzigo unashushwa gatini na kupakiwa boti. Hapa kreti linaonyesha thamani yake yote, kwa sababu kila mboga inashikwa mara nne: kupakia Malindi, kushusha Mokowe, kupanga botini, kushusha Lamu. Gunia linaangushwa kila mara, kreti linawekwa.

Kwa safari hii usipooze kwa CoolBot kama gari halina friji. Mboga iliyopoa itatoka jasho pale tu mlango unapofunguliwa, itasafiri imelowa, na itafika Lamu imeoza kitako. Chuma jioni jua likishuka, iache kwenye banda la makuti ipoe na hewa ya usiku, pakia ili iwahi boti ya asubuhi. Bilinganya, pilipili, bamia na matango zinahimili. Mchicha na mnavu viende kidogo tu, kwa oda iliyothibitishwa. Chukua makreti matano kwa kimo, si zaidi, kwa maana botini hayafungwi vizuri kama kwenye lori. Na turubai lifunike upande wa upepo kabla boti haijaondoka Mokowe: maji ya bahari yakirukia majani huyanyonya maji, na mnavu uliorushiwa chumvi hunyauka hata ukiumwagia maji yasiyo na chumvi baadaye.